Sensa ya maji ya nusu inchi: asubuhi dumu halijai, jioni linamwagika

Mwenye_Kisima (mleta mada)

Heshima kwenu wakuu. Naomba msaada wa mtu anayezijua vizuri hizi sensa ndogo za kupima maji, zile nyeusi za plastiki zenye nyaya tatu, nyekundu, nyeusi na njano. Yangu imeandikwa YF-S201.

Nina kisima Chanika, nauza maji. Simtanki la lita 5,000 liko juu ya mnara wa mita tatu, bomba la nusu inchi linashuka mpaka kibandani. Mteja anaweka dumu, kijana anabonyeza kitufe, Arduino (kile kikompyuta kidogo cha kuendeshea vifaa) inafungua valvu ya umeme ya volti 12, sensa inahesabu, zikitimia lita 20 valvu inafunga. Hesabu nimechukua kwenye maelezo yaliyokuja na sensa: mapigo 450 kwa lita, yaani 9,000 kwa dumu.

Sasa asubuhi, simtanki likiwa limejaa, dumu linatoka pungufu. Kwenye mizani ya duka la jirani, nikitoa uzito wa dumu tupu, nabaki na kilo 19 na nusu hivi. Jioni tenki likishuka, dumu lile lile linamwagika mdomoni, kilo 20 na nusu. Na hiyo jioni valvu inachelewa kukata, unaisikia inasita. Kibaya zaidi ni pampu ya kisima ikijiwasha katikati ya kujaza: hapo dumu linaweza kukatika lita 17, siku nyingine hata 14. Kina mama wa huku kila mmoja ana alama yake kwenye dumu, wanaona mara moja. Sipendi kumpunja mtu, na sitaki pia kumwaga maji niliyoyalipia umeme.

Mpangilio ulivyo: sensa iko baada ya valvu, karibu na mdomo wa kutolea maji, imefungwa moja kwa moja kwenye elbo, ile kona ya bomba. Waya wake una urefu wa mita sita, umepita kwenye paipu moja na waya wa pampu.

Je, sensa ni mbovu? Ninunue nyingine?

---

Jembe_Tabata

Mkuu, hizo za plastiki ni za kujifunzia. Tafuta ya shaba ya inchi moja, au zile zinazopima kwa mawimbi ya sauti nje ya bomba. Maji ya biashara hayataki majaribio.

---

MamaVipimo

Mwenye_Kisima, habari za Chanika. Sensa yako ni nzima. Usiitupe, na usinunue nyingine kabla hujasoma mpaka mwisho.

Mimi nilifanya kazi karakana ya vipimo kwenye kiwanda cha vinywaji hapa Morogoro mpaka nikastaafu, sasa natengeneza mashine za kuuzia maji na maziwa. Sensa za aina hii nimezishika nyingi, kuanzia hizi za plastiki mpaka zile za chuma cha pua ambazo kipini chake chembamba kinakaa kwenye beari za yakuti. Ya bei ndogo na ya bei kubwa zote zina tabia moja: hazijui lita. Zinajua mizunguko tu. Kugeuza mizunguko kuwa lita ni kazi yako wewe uliyeifunga, na mwanangu, kazi hiyo haimalizwi na karatasi iliyokuja ndani ya boksi.

Ukifungua skrubu za kifuniko utakuta kigurudumu chenye mapanga kimechomekwa kwenye kipini cha chuma. Maji yanaingia kwa ubavu, yanayapiga mapanga, kigurudumu kinazunguka. Ndani ya kigurudumu kuna sumaku. Upande wa pili wa ukuta wa plastiki, mahali pakavu, kuna kidude cheusi chenye miguu mitatu. Hiyo ni sensa ya Hall, imepewa jina la Edwin Hall, Mmarekani aliyegundua mwaka 1879 kwamba sumaku ikielekezwa kwenye bamba lenye mkondo wa umeme, volti ndogo hujitokeza ubavuni mwa bamba. Kila ncha ya sumaku ikipita, kidude kinawaka na kuzima. Hilo ndilo pigo unalolihesabu. Maji hayakutani na umeme popote, ndiyo maana sensa ya bei hii inaweza kukaa ndani ya maji miaka.

Maelezo yanasema mapigo kwa sekunde ni 7.5 ukizidisha kwa lita kwa dakika. Ukipiga hesabu unapata hayo 450 kwa lita. Lakini soma mstari wa chini: kosa mpaka asilimia 10. Kwa dumu la lita 20, asilimia 10 ni lita mbili nzima. Namba 450 ni ya kuanzia, ili uone kama sensa inafanya kazi. Namba ya kuuzia maji lazima uipate mwenyewe, kwa sensa hiyo hiyo, kwenye bomba hilo hilo, kwa mizani.

Halafu hiyo namba haitulii. Kigurudumu kina uzito, kipini kina msuguano, na kati ya ncha za mapanga na ukuta kuna nafasi. Maji yakienda kasi, msuguano ni kitu kidogo mbele ya nguvu ya maji, na kila lita inazungusha kigurudumu karibu mara zile zile. Maji yakipungua kasi, sehemu yake inapenya pembeni bila kusukuma kitu, mapigo kwa lita yanashuka. Ukishuka zaidi kigurudumu kinasimama kabisa na maji bado yanapita. Sensa yako chini ya lita moja kwa dakika usiiamini kwa lolote.

Sasa angalia mnara wako. Mdomo wa kutolea maji nadhani uko mita moja kutoka chini, ndipo dumu liingie. Simtanki la lita 5,000 lina kimo cha kama mita mbili. Likijaa una mita nne za maji juu ya mdomo, likikaribia kuisha una mita mbili. Kila mita inakupa presha ya bar 0.1 hivi, kwa hiyo presha yako inatoka 0.4 asubuhi mpaka 0.2 jioni. Kasi ya maji inafuata kipeuo cha pili cha presha, presha ikishuka nusu kasi inashuka kwa karibu asilimia 30. Asubuhi kigurudumu kinapata maji ya kutosha, kila lita inatoa mapigo zaidi ya 450, unafika 9,000 kabla lita 20 hazijatimia. Jioni kila lita inatoa mapigo pungufu, unangoja 9,000 na dumu limeshajaa. Malalamiko yako mawili ya asubuhi na jioni ni jambo moja.

Valvu nayo ina lake. Hizi za volti 12 za nusu inchi, za jamii ya zile za mashine ya kufulia, hazifunguliwi na koili peke yake. Koili inafungua tundu dogo tu, kisha presha ya maji yenyewe ndiyo inayonyanyua na kukandamiza ngozi ya mpira iliyo ndani. Nyingi zinataka angalau bar 0.2 ndipo zifanye kazi. Wewe jioni uko hapo hapo mpakani, ndiyo maana unaisikia ikisita. Kwa maji ya kushuka kutoka tenki fupi, weka bol valvu inayozungushwa na mota ndogo, au tafuta solenoidi (valvu ya koili) iliyoandikwa inaanzia presha sifuri. Ya mota inafunga polepole, sekunde kama tano, lakini inafunga vile vile kila siku, na kitu kinachojirudia unaweza kukitoa kwenye hesabu.

Sensa ihamishe iwe kabla ya valvu. Ilipo sasa, kila dumu likiisha bomba linatoa maji yote na kuingia hewa. Dumu linalofuata linaanza kwa hewa na povu kupiga mapanga, na hewa inazungusha kigurudumu bila kuleta maji. Wanaokaa kwenye mgao wanalijua hili, maji yakirudi dira ya nyumbani inakimbia kabla hata tone halijatoka. Ikiwa kabla ya valvu, sensa inabaki imejaa maji muda wote. Ipe pia bomba lililonyooka: mara kumi ya kipenyo kabla yake, mara tano baada yake. Kwa nusu inchi ni sentimita 15 na sentimita 8 hivi. Elbo inayazungusha maji, na maji yaliyoanza kuzunguka kabla ya kufika yanampa kigurudumu msukumo wa uongo.

Na hili ndilo ninalolipenda kuliko yote, kwa sababu watu wengi hawalitumii. Arduino ikitoa amri ya kufunga, usisimamishe kuhesabu. Endelea kuhesabu sekunde tatu zaidi, au sita ukiweka valvu ya mota. Kwa kasi ya lita 11 kwa dakika, kila sekunde inapita mililita 183, kwa hiyo valvu ikichelewa hata nusu sekunde umetoa zaidi ya mililita 90 ambazo programu yako haizijui. Maji hayo yamepita kwenye sensa, sensa imeyaona. Yaandike. Dumu linalofuata, toa amri mapema kwa kiasi hicho. Baada ya madumu machache mashine inazoea valvu yake yenyewe.

Ndugu Jembe_Tabata, shaba ni nzuri kwa uimara, nyuzi zake hazipasuki ukikaza. Ila sensa ya inchi moja kwa maji ya lita 8 kwa dakika itafanya kazi chini kabisa ya uwezo wake, huko ambako makosa ndiko yanakojaa. Sensa inachaguliwa kwa kasi ya maji uliyonayo, hata bomba likiwa nene. Kupima kwa kigurudumu si majaribio pia. Mwaka 1790 Mjerumani Reinhard Woltman alichapisha kule Hamburg kitabu cha kigurudumu chake cha kupimia kasi ya mito, na mpaka leo zile dira kubwa za turbini kwenye mabomba ya miji zinaitwa kwa jina lake.

Nifanyie mambo mawili kisha urudi hapa. Kwanza, funga koki ya juu kabisa, tone lisipite, washa pampu, uangalie kaunta. Ikipanda, kinachohesabiwa ni umeme. Pili, baada ya kuhamisha sensa, pima dumu asubuhi, mchana na jioni: andika mapigo mpaka maji yaliposimama kabisa, kilo bila dumu, na muda wa kujaza.

---

DukaKondele

Mama, naomba nichomekee swali langu hapa hapa. Niko Kisumu, nauza mafuta ya kupikia ya kupima, mteja anakuja na chupa yake, anataka ya shilingi ishirini, ya hamsini. Nataka kuunda mashine kwa sensa ndogo zaidi, ile ya YF-S401 ya lita 0.3 mpaka 6 kwa dakika. Inatoa mapigo 5,880 kwa lita, nikaona kwa chupa ndogo itakuwa sahihi kuliko kijiko. Lakini mafuta yakipita mapigo yanakuja machache, na mchana yanabadilika tena. Nimekosea wapi?

---

MamaVipimo

DukaKondele, karibu. Kwa mafuta nakwambia bila kuzunguka: usitumie turbini, yaani sensa ya kigurudumu.

Mapigo mengi kwa lita yanakupa hatua ndogo za kuhesabu, hayakupi ukweli wa kila hatua. Turbini inahitaji maji yanayovurugika ndani ya bomba, na hilo linategemea kasi, kipenyo na mnato, yaani kimiminika kilivyo kizito kutiririka. Wahandisi wanaviweka pamoja kwenye namba moja, namba ya Reynolds. Kwa bomba la milimita 15, maji ya mwenzako wa Chanika asubuhi yana namba karibu 19,000, yamevurugika vizuri. Chini ya 2,300 hivi kimiminika kinateleza kwa matabaka, katikati kinakimbia na pembeni kimeganda. Mafuta ya kula yana mnato zaidi ya mara 50 ya maji. Kwa lita mbili kwa dakika kwenye bomba hilo namba yako haifiki hata 100. Huko kigurudumu kinafuata mnato kuliko kinavyofuata wingi.

Na mnato unafuata jua. Mafuta ya alizeti yakitoka nyuzi 20 kwenda nyuzi 40 mnato wake unapungua karibu nusu. Ndiyo maana mchana unapata namba nyingine. Ungeweza kuweka kipimajoto na jedwali la kusahihisha, lakini ukibadilisha aina ya mafuta unaanza upya.

Tafuta mita ya gia za duara-dufu, zile gia mbili za umbo la yai zinazoshikana meno. Hiyo inabeba kiasi maalumu kila mzunguko, kama mtu anayechota kwa kikombe kimoja, na mnato ukiongezeka kuvuja kwake kunapungua, yaani inakuwa bora. Nazo zina sumaku na sensa ya Hall, kwa hiyo programu yako haibadiliki. Pampu ya gia inayozungushwa kwa hesabu ya mizunguko nayo inafaa, ukiipima kwa mizani. Kumbuka mafuta ni mepesi kuliko maji, lita moja ni kama kilo 0.92, usigawanye kwa moja.

---

Mwenye_Kisima

Shikamoo mama. Nimefanya ulivyosema.

Koki ya juu nimeifunga, nimewasha pampu. Kaunta inapanda! Na inapanda sawasawa, 50 kila sekunde, sekunde kwa sekunde. Nikizima pampu inasimama pale pale.

Sensa nimeihamisha kabla ya valvu, nimeipa bomba lililonyooka sentimita 20. Valvu bado ni ile ile. Maji ya tenki yana nyuzi 28. Nimezima pampu wakati wa kupima:

Asubuhi: mapigo 9,058, kilo 19.53, dakika 1 na sekunde 47.
Mchana: mapigo 9,062, kilo 19.97, dakika 2 na sekunde 7.
Jioni: mapigo 9,070, kilo 20.54, dakika 2 na sekunde 35.

Mizani ni ya dijitali, nimeazima kwa muuza samaki, inaonyesha gramu 10. Nimeona jambo ulilosema: baada ya amri ya kufunga kaunta inaendelea, asubuhi mapigo 58, jioni 70. Sasa nafanyaje?

---

MamaVipimo

Marahaba mwanangu. Umefanya kazi safi sana, namba zako zinaongea.

Tuanze na pampu. Mapigo 50 kwa sekunde, bila kukosea hata moja, ni umeme wa gridi wenyewe, maana umeme wetu unabadilika mara 50 kwa sekunde. Sensa yako inapotoa pigo inauvuta waya wa njano kwenda sifuri. Ikiuachia, waya unabaki unaning'inia kwenye rizista ya ndani ya Arduino, ambayo ni dhaifu, kilo-ohm 20 mpaka 50. Mita sita za waya unaoning'inia, ubavuni mwa waya wa pampu, ni antena. Weka rizista ya kilo-ohm 4.7 kati ya waya wa njano na ule wa volti 5, upande wa Arduino. Toa waya wa sensa kwenye ile paipu, upite njia yake, na ukikutana na waya wa pampu uvuke kwa kukatiza tu. Ukipata waya wenye wavu wa chuma nje, tumia huo, wavu uunge kwenye hasi upande mmoja, kule kwenye Arduino. Kuna watakaokwambia weka kapasita peke yake inatosha. Kapasita ndogo inaondoa vicheche vifupi, na nanofaradi 100 ni sawa iweke, lakini wimbi la mara 50 kwa sekunde linapita humo bila shida kwa sababu ni la polepole kama mapigo yako halali. Hilo dawa yake ni rizista na njia ya waya.

Kwenye koili ya valvu hakikisha kuna dayodi, 1N4007, upande wenye mstari uwe kwenye chanya. Bila hiyo, kila valvu inapokata koili inarusha volti kubwa ya ghafla, na kaunta inaongeza mapigo au Arduino inajianzisha upya.

Baada ya hapo rudia jaribio la koki iliyofungwa. Kaunta isipande hata moja. Usiendelee na lingine mpaka hapo pawe sifuri.

Sasa mizani. Maji ya nyuzi 28 lita moja ni kilo 0.996, kwa hiyo dumu la haki la lita 20 ni kilo 19.92. Kilo 20 kamili si shabaha. Gawanya kilo zako kwa 0.996 upate lita, kisha gawanya mapigo kwa lita. Nimekufanyia: asubuhi 462 kwa lita, mchana 452, jioni 440. Tofauti ya asubuhi na jioni ni asilimia tano. Ona pia kwamba hata ungechagua 452 ya katikati, ungekuwa sawa mchana tu.

Njia ya kwanza ni kuifanya kasi isibadilike: pipa dogo lenye boya chini ya simtanki, maji ya pipa yabaki usawa mmoja siku nzima, dumu lijazwe kutoka hapo. Ni nzuri na haina programu ya kuharibika, lakini kwa mnara wako utapoteza kimo, na foleni yako itasubiri dakika tatu kila dumu. Utalazimika kupanua bomba. Ungekuwa unajenga upya ningekwambia fanya hiyo.

Kwa sasa fanya ya pili. Sensa yenyewe inakwambia kasi ya maji, kwa sababu unaweza kupima muda kati ya pigo na pigo. Asubuhi ulikuwa unapata mapigo 85 kwa sekunde, mchana 71, jioni 59. Badala ya kuhesabu mpaka 9,000, kila pigo lipe thamani yake kwa mikrolita (milioni moja ni lita moja): likija kwa kasi ya 85 liongeze 2,165, kwa kasi ya 71 liongeze 2,212, kwa kasi ya 59 liongeze 2,273. Kasi ikiwa katikati, thamani iwe katikati kwa uwiano. Jumlisha mpaka 20,000,000, ukitoa yale yanayopita wakati wa kufunga. Tumia namba kamili za biti 32, zinatosha na hazileti makosa ya desimali. Kasi ichukue kwa wastani wa mapigo kumi na sita hivi, usichukue pigo moja, sumaku za kigurudumu hazijapangwa kwa usawa kamili na utaona namba inarukaruka.

Usitumie jedwali hili nje ya kasi ulizopima. Kasi ikishuka chini ya mapigo 55 kwa sekunde, programu ikatae kuuza na iwashe taa. Hapo tenki limeisha au chujio limeziba, na vyovyote vile dumu halitakuwa la haki.

Kuhusu kuuza: kipimo cha biashara kinahakikiwa na Wakala wa Vipimo. Nenda ofisi yao ya mkoa na daftari lako la majaribio, uwaeleze mashine ilivyo, usikilize watakachokuelekeza kabla hujabandika bei kwa lita. Wakati unangoja, chora mstari wa lita 20 kwenye dumu moja la wazi ulilolipima kwa mizani, liweke kibandani, na mteja mwenye shaka amimine humo mbele ya wenzake. Mama anayebeba dumu kichwani nusu kilomita ana haki ya kuona maji yake.

---

Fundi_Bomba_Gongo

Mama nakubaliana na yote. Niongeze moja: visima vya upande wetu vina mchanga na chumvi. Nimeshatoa sensa za namna hii ambazo kigurudumu kimeganda kwa punje moja tu ya mchanga kati ya panga na ukuta. Valvu iko wazi, maji yanatiririka, kaunta imesimama, mwenye kibanda hayupo. Kisima kinamwagika chote.

---

MamaVipimo

Kweli kabisa, asante fundi. Mwenye_Kisima, weka chujio la wavu kabla ya sensa, lile la umbo la Y unaloweza kulifungua kwa spana bila kukata bomba. Kwenye programu weka hivi: valvu ikiwa wazi na pigo lisipoonekana kwa sekunde mbili, funga. Na dumu lolote likizidi dakika tatu, funga pia, hata kama hesabu haijatimia. Hizo ni mistari miwili tu ya programu.

Chumvi ikijenga ukoko mweupe kwenye mapanga, fungua, loweka kigurudumu kwenye siki mpaka ukoko ulegee, suuza, usikwangue kwa kisu. Kigurudumu kizuri ukikipuliza kwa mdomo kinazunguka na kusimama polepole. Kikisimama ghafla kipini kimelika, hapo ndipo ununue kingine. Mzunguko huo mwepesi ukiupoteza, kinachoharibika kwanza ni kipimo cha jioni, kwa sababu ndiko nguvu ya maji iliko ndogo.

Kila ukifungua au kubadilisha sensa, jedwali la zamani linakufa. Pima tena asubuhi, mchana na jioni. Siku za kawaida dumu moja kwa wiki kwenye mizani linatosha, na likitoka nje ya kilo 19.82 mpaka 20.02, usiuze mpaka ujue kwa nini.

---

Mwenye_Kisima

Nimefunga rizista na kutenganisha waya. Koki imefungwa, pampu inanguruma, kaunta imesimama kwenye sifuri. Dayodi nayo nimeiweka. Kesho nafuata bol valvu ya mota Kariakoo, kisha naandika jedwali upya kwa sababu kufunga kutabadilika. Mama, muda wa kuhesabu baada ya amri niuongeze uwe sekunde sita, au nane?

---

MamaVipimo

Hesabu mpaka mapigo yakome kabisa kwa sekunde moja, usiweke muda. Mota ikichoka siku moja itafunga kwa sekunde saba, na programu itaona yenyewe.